Kabla ya Kuamini Kipenyo cha Gimba la Mbali

Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba Gonggong, gimba la barafu linalolizunguka Jua mbali nyuma ya Neptuni, lina kipenyo cha kilomita 1,535. Papo hapo likapewa nafasi ya tatu kwa ukubwa huko nje, nyuma ya Pluto na Eris. Mwaka 2019 kipenyo kikashuka hadi kilomita 1,230. Piga hesabu ya ujazo uone: karibu nusu ya Gonggong ilitoweka ndani ya miaka mitatu.

Hakuna aliyedanganya. Watafiti wa 2016 waliandika wazi kwamba tarakimu yao ingeweza kuzidi kwa kilomita 75 au kupungua kwa kilomita 225. Hiyo 225 haikufika kwenye vichwa vya habari. Ilikuwa pale kwa sababu ya swali moja ambalo msomaji hakuambiwa kwamba lipo: mhimili wa Gonggong umeelekea wapi?

Gimba hili linajizungusha polepole. Likiwa limetugeuzia ikweta, kila upande wake unapata mchana na usiku, na joto linagawanyika. Likiwa limetugeuzia ncha, Jua (ambalo kwa umbali ule liko karibu upande uleule tuliko sisi) linaangaza uso mmoja bila kupumzika, na uso huo unakuwa na joto zaidi. Uso wenye joto zaidi hutoa mionzi mingi zaidi, kwa hiyo mionzi ileile tuliyoipokea inaweza kuwa imetoka kwenye gimba dogo zaidi. Picha za darubini ya Hubble zilikwishaonyesha kwamba Gonggong ina mwezi, Xiangliu. Njia ya mwezi huo ilipopimwa, ikatoa mambo mawili kwa mpigo: uzito wa mfumo mzima, na dokezo la uelekeo wa mhimili. Uzito huo ukigawanywa kwa ujazo wa gimba la kilomita 1,535, densiti inakuwa kama gramu 0.92 kwa sentimita ya ujazo, yaani barafu tupu isiyo na jiwe hata moja ndani yake. Ukigawanywa kwa ujazo wa gimba la kilomita 1,230, unapata kama 1.8, inayokaribiana na ya Pluto.

Waswahili husema lisemwalo lipo. Kwa magimba ya nje ya Neptuni, lisemwalo huenda lipo nusu yake. Kipenyo cha gimba la namna hii, isipokuwa machache sana, ni matokeo ya dhana kadhaa zilizopangwa juu ya kipimo kimoja au viwili, na kukiandika bila kutaja kilivyopatikana ni kumpa msomaji kitu ambacho hawezi kukipima mwenyewe. Kwa kipenyo hasara si kubwa. Inakuwa kubwa tunapofika kwenye densiti, na densiti ndiyo inayotueleza vitu hivi vimetengenezwa na nini.

Tuanze na kinachoonekana, yaani nukta. Eris ina kipenyo cha kilomita 2,300 na ushei, lakini ilipogunduliwa ilikuwa mbali na Jua mara 97 hivi ya umbali wetu. Kwa umbali huo, kipenyo chake kizima kinatoshea ndani ya sehemu ndogo kabisa ambayo Hubble inaweza kuitenganisha. Kwa magimba yaliyo madogo zaidi hata hilo halipo. Unachopata ni nukta yenye mng'ao fulani, na mng'ao huo ni nuru ya Jua iliyogonga pale na kurudi. Hapo ndipo utata unapoanza, kwa sababu gimba kubwa jeusi na gimba dogo jeupe vinaweza kurudisha nuru sawasawa.

Kanuni inayounganisha mambo haya ni fupi, na sioni kwa nini isionyeshwe. Kipenyo kwa kilomita ni 1,329 gawanya kwa kipeuo cha pili cha uakisi (yaani sehemu ya nuru ambayo gimba linairudisha), kisha punguza kulingana na mng'ao halisi wa gimba. Chukua gimba ambalo mng'ao wake halisi ni 4 katika kipimo cha wanaastronomia. Likiakisi asilimia 4 ya nuru, weusi wa mkaa, lina kipenyo cha kilomita 1,050. Likiakisi asilimia 16, ni 525. Likiakisi asilimia 64, kama magimba yaliyofunikwa barafu safi, ni 263. Ni nukta ileile kwenye picha ileile, ila ujazo wa jibu la kwanza ni mara 64 ya jibu la tatu.

Jane Luu na David Jewitt walipogundua gimba la kwanza la Ukanda wa Kuiper, eneo la magimba ya barafu nyuma ya Neptuni, baada ya Pluto na mwezi wake Karoni, mwaka 1992 huko Mauna Kea, makadirio ya ukubwa wake yalitegemea dhana kwamba linaakisi asilimia 4. Dhana hiyo ilikuwa na msingi: vyombo vilivyoipita nyotamkia ya Halley mwaka 1986 vilikuta kiini chake kina uakisi wa kiwango hicho. Lakini msingi huo ulitoka kwenye nyotamkia moja iliyokwishachomwa na Jua mara nyingi, ukapelekwa kwa magimba ambayo hayajawahi kulikaribia.

Pluto ni funzo la miaka 85 juu ya jambo hili. Ilipogunduliwa mwaka 1930 kwenye kituo cha Lowell, Arizona, wengi walidhani uzito wake unakaribia wa Dunia, kwa kuwa walikuwa wanatafuta sayari kubwa inayoivuruga njia ya Uranus. Kila muongo ukaja na Pluto nyepesi zaidi. Mwaka 1976 Dale Cruikshank na wenzake wakaona dalili za barafu ya metheni usoni mwake. Barafu hung'aa, na kinachong'aa hakihitaji kuwa kikubwa ili kuonekana. Miaka miwili baadaye James Christy akaona uvimbe pembeni mwa Pluto kwenye picha za zamani, uvimbe ambao uligeuka kuwa mwezi Karoni, na uzito wa Pluto ukatua kwenye asilimia 0.2 ya uzito wa Dunia. Mwaka 1980 Dessler na Russell walichora mchoro wa makadirio hayo yanavyoporomoka, wakatabiri kwa utani kwamba Pluto ingetoweka kabisa mwaka 1984. Utani ule ulikuwa na akili kuliko makala nyingi za wakati huo.

Njia ya kutoka kwenye mtego wa uakisi ni kupima joto pamoja na nuru. Nuru isiyoakisiwa haipotei. Inalipasha gimba moto, kama unaweza kuita moto nyuzi 230 chini ya sifuri, na gimba linaitoa tena kwa mionzi ya infraredi ambayo kilele chake kiko kwenye maikromita 70 hivi. Gimba jeusi hunywa karibu nuru yote, kwa hiyo joto lake halibadiliki sana ukibadilisha uakisi kutoka asilimia 4 hadi 10. Joto linakuambia eneo, mng'ao unakuambia eneo mara uakisi, na ukiwa na vyote viwili unatatua milinganyo miwili. Jewitt na wenzake walifanya hivyo kwa gimba Varuna mwaka 2001, wakapata kilomita 900. Darubini za anga Spitzer na Herschel zikafanya kazi hiyo kwa magimba mengi, Herschel peke yake ikiangalia yapatayo 130. Varuna nayo, chini ya Herschel, ikarudi hadi kilomita 670 hivi.

Njia hii ni nzuri, tena ndiyo pekee iliyotupa orodha ndefu. Ila ina dhana zake: uso unahifadhi joto kwa muda gani baada ya jua kuchwa, una mikwaruzo kiasi gani, mhimili umeelekea wapi, na kama ni gimba moja au mawili. Makosa ya kamera huandikwa kwenye alama ya kuongeza na kutoa. Makosa ya dhana mara nyingi hayaandikwi, au huandikwa na hakuna anayeyasoma. Eris iliteseka hapa. Mwaka 2005 NASA yenyewe iliitangaza kama sayari ya kumi. Mwaka 2006 vipimo vya joto kutoka darubini ya redio ya IRAM vilitoa kilomita 3,000, na Hubble ikatoa 2,400. Mjadala wa dunia nzima kuhusu nani ni sayari ulipokuwa ukiendeshwa Prague Agosti ile, ukubwa wa gimba lililouanzisha ulikuwa unayumba kwa robo nzima.

Kilichomaliza ubishi ni kupatwa kwa nyota. Gimba likipita mbele ya nyota ya mbali, kivuli chake chenye upana uleule wa gimba kinapita juu ya Dunia kwa kasi ya kilomita makumi kwa sekunde, na aliye njiani huiona nyota ikizimika kisha ikiwaka. Hesabu ya sekunde zile mara kasi inatoa urefu wa mstari uliokatiza gimba. Mistari miwili au mitatu kutoka vituo tofauti inatoa umbo. Hakuna dhana ya uakisi, hakuna dhana ya joto. Tarehe 6 Novemba 2010 vituo 26 viliwekwa tayari kwa ajili ya Eris, na kivuli kikaangukia viwili tu, vyote Chile. Mojawapo ya darubini zilizofaulu, TRAPPIST ya La Silla, ina kioo cha sentimita 60, kidogo hata kwa viwango vya chuo. Jibu lilikuwa kilomita 2,326, zaidi au pungufu kwa 12, na uakisi wa asilimia 96.

Kwa hiyo baada ya 2010 tuliijua Eris kwa usahihi kuliko Pluto, ambayo umbali wake kutoka kwetu ni kama theluthi moja tu ya ule wa Eris. Pluto ina hewa nyembamba, iliyothibitishwa kwa njia hiyohiyo mwaka 1988, na hewa hiyo huipinda nuru ya nyota ili isizimike ghafla, ukabaki unajiuliza uso unaanzia wapi. Ikabidi tusubiri chombo cha New Horizons kifike Julai 2015 ndipo tupate kilomita 2,377. Pluto ni kubwa kuliko Eris kwa kilomita 50 hivi. Miaka tisa ya kuiita Pluto ndogo iliishia hapo, na sikuona vichwa vingi vya habari vya kurekebisha.

Usidhani kupatwa kwa nyota ni kazi ya kukaa ofisini. Kwa Arrokoth, gimba la urefu wa kilomita 36 ambalo New Horizons ilipaswa kulipita, jaribio la kwanza la Juni 2017 huko Argentina na Afrika Kusini halikuona chochote. Tarehe 17 Julai timu ikapanga darubini 24 zinazobebeka karibu na Comodoro Rivadavia, kusini mwa Argentina, katikati ya baridi. Upepo wa Patagonia ni mkali, kwa hiyo malori yaliegeshwa kando ya darubini kuukinga. Barabara kuu ilifungwa kwa saa mbili ili taa za magari zisiharibu giza. Nyota ikazimika kwa muda usiozidi sekunde chache, kwenye darubini tano kati ya zile 24. Mistari hiyo mitano haikuingia kwenye duara hata kwa kulazimisha: ama gimba refu, ama mawili yaliyogusana. Picha za tarehe 1 Januari 2019 zikaonyesha mawili yaliyogusana.

Sasa densiti, ambako ndiko ninakotaka tukae. Barafu ya maji ina gramu 0.93 kwa sentimita ya ujazo, jiwe kama 3.4. Pluto ina 1.85, kwa hiyo takriban theluthi mbili ya uzito wake ni jiwe. Eris ina 2.5, na sehemu ya jiwe inapanda hadi asilimia 85 hivi. Ili kupata namba hizi unahitaji uzito, na uzito unapatikana kirahisi kwa kulinganisha na kipenyo: gimba likiwa na mwezi, muda wa mwezi kuzunguka na umbali wake vinatoa jibu kwa sheria ya Kepler, mara nyingi kwa kosa la asilimia chache. Xiangliu, Karoni, Dysnomia wa Eris, wote wamefanya kazi hiyo. Shida yote inabaki kwenye ujazo, kwa sababu ujazo unafuata kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara tatu. Kosa la asilimia 10 kwenye kipenyo linakuwa asilimia 30 kwenye densiti.

Quaoar, gimba jingine la huko, ilionyesha hatari ya kosa hilo. Mwaka 2010 ilichapishwa kipenyo chake ni kilomita 890 na densiti yake 4.2, yaani nzito kuliko jiwe la kawaida, na wapo walioanza kueleza jinsi mgongano mkubwa ulivyolivua barafu yake yote. Hadithi ilikuwa tamu. Miaka mitatu baadaye Herschel ikaipa kilomita 1,070, kupatwa kwa nyota kukaipa 1,110, na densiti ikaanguka hadi karibu 2. Kile kilichohitaji maelezo hakikuwepo tena. Haumea nayo ilikaa kwenye vitabu kwa miaka kumi na densiti ya 2.6 na zaidi, iliyokokotolewa kutokana na umbo ambalo kitu cha majimaji kingechukua kikizunguka kila baada ya saa 3.9. Tarehe 21 Januari 2017 ilipita mbele ya nyota. Ikaonekana ni ndefu kuliko ilivyodhaniwa, densiti yake haizidi 1.9, na ina pete ambayo hakuna aliyeitarajia.

Upande wa pili kuna magimba mepesi. Mwaka 2013 Mike Brown alichapisha kwamba 2002 UX25, lenye kipenyo cha kilomita 650, lina densiti ya 0.82. Lingeelea majini, kama kungekuwa na bahari ya kulibeba. Akauliza swali gumu: kama magimba makubwa yalijengwa kwa kuunganisha madogo, inakuwaje vipande vyenye 0.82 vinazaa Pluto yenye 1.85? Jibu la wengine, Will Grundy na wenzake mwaka 2019, ni kwamba mchanganyiko wa jiwe na barafu ni uleule, ila magimba ya kati yamejaa mianya ambayo haijawahi kubanwa. Kwa UX25 mianya ingelazimika kuwa zaidi ya nusu ya ujazo. Mimi naegemea upande huu. Nikikokotoa mgandamizo katikati ya gimba la kilomita 650 lenye densiti hiyo, napata kama mara 100 tu ya mgandamizo wa hewa kwenye usawa wa bahari, na barafu ya baridi ile ni ngumu. Nyotamkia 67P, iliyopimwa kwa karibu na chombo cha Rosetta, ina densiti ya 0.53, kwa hiyo utupu ndani ya vitu hivi si wa kubuni. Lakini naegemea kwa tahadhari. Punguza kipenyo cha UX25 kwa asilimia 10 na densiti inapanda hadi 1.1, na nusu ya fumbo inaondoka nayo.

Kuna dhana nyingine inayojificha hapa, kwamba mwezi una uakisi sawa na mzazi wake. Kwa miaka mingi Vanth, mwezi wa Orcus, uligawiwa ukubwa kwa njia hiyo, ukapewa chini ya kilomita 300. Machi 2017 ulipita mbele ya nyota ukaonekana una kilomita 443. Ni mweusi kuliko Orcus. Dysnomia nao, unaozunguka Eris inayoakisi asilimia 96, unaakisi asilimia 4 tu. Baba mweupe, mtoto mkaa. Kila ukubwa unaoumegea mwezi unaupunguza kutoka kwa mzazi, na densiti ya mzazi inapanda.

Hili linazidi kuwa la haraka kwa sababu kituo cha darubini cha Rubin, Chile, kinatarajiwa kugundua magimba mapya ya nje ya Neptuni kwa makumi ya maelfu. Kila moja litakuja na mng'ao na njia yake, basi. Herschel iliishiwa ubaridi mwaka 2013 na hakuna darubini ya anga iliyochukua nafasi yake kwenye maikromita 70. James Webb, pamoja na uwezo wake wote, inaishia 28. ALMA, mtambo wa darubini za redio ulioko Chile, unaweza kusaidia kwa makubwa machache. Kwa hiyo karibu kila kipenyo kitakachotangazwa kitakuwa ni mng'ao uliogawanywa kwa uakisi wa kukisia, na nadhani majedwali yanayosomwa na umma yangepaswa kuandika hivyo kando ya kila tarakimu: "joto", "kupatwa kwa nyota", "kisio". Neno moja linatosha.

Kinachotia moyo ni upande wa vivuli. Tangu chombo cha Gaia kitoe nafasi za nyota kwa usahihi usio wa kawaida, kuanzia 2016 na hasa 2018, njia ya kivuli inabashiriwa vizuri kiasi kwamba mtu mwenye darubini ya nyuma ya nyumba na saa ya GPS anaweza kushiriki na kuleta mstari mmoja wa thamani. Fedha zinazohitajika ni ndogo ukilinganisha na chombo kimoja cha anga. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuweka nguvu, na pa kuwekwa kwanza ni magimba ya kilomita 400 hadi 1,000 yenye miezi, kwa sababu uzito wake tayari unajulikana na kinachokosekana ni kipenyo tu.

Yasiyo na miezi yatabaki kuwa magumu, hata ukiyafuata huko yaliko. New Horizons iliipita Arrokoth kwa umbali wa kilomita 3,500 na kuleta picha za mabonde yake, lakini gimba ni dogo mno kuweza kuipinda njia ya chombo kwa kiasi kinachopimika, wala halina mwezi unaojulikana. Umbo lake tunalo. Densiti yake bado inakadiriwa tu, chini ya ile ya maji.